Mtamba wa Mamajusi

Jumatatu, 29 Desemba 2025

Krismasi imekwisha. Pilau limekwisha, soda zimekwisha, wageni wa Mwanza wameondoka na sufuria yetu moja. Nikadhani sasa ni kulala tu. Wapi! Leo Mwalimu Daudi, katekista wetu hapa Nyanungu, katukusanya vijana na kutangaza kwamba sikukuu bado mbichi. Jumapili ijayo ni Epifania. Tokeo la Bwana. Siku ya Mamajusi. Akaeleza kwa kirefu, maana kwa kifupi hajui: Krismasi walikuja wachungaji, watu wa jirani, Epifania wakaja wageni wa mbali, wenye lugha nyingine, ndipo ikajulikana kwamba yule Mtoto si wa ukoo mmoja. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Huwa inasaidia.

Desturi ya kigango chetu ni hii. Vijana watatu wanavaa kifalme. Baada ya Misa wanatembea na waumini wote mpaka kwenye boma lenye mtoto aliyezaliwa siku za Krismasi. Boma hilo ndilo Bethlehemu. Zawadi zinatolewa, mlango unaandikwa kwa chaki iliyobarikiwa, watu wanakula. Mwaka huu Bethlehemu ni kwa Mzee Kisyeri. Mke wa mwanawe kajifungua tarehe ishirini na sita. Mama wa boma lile ni muumini wa nguvu. Mzee mwenyewe kanisani aliingia mara moja tu, alikuwa anatafuta ndama.

Sasa majina. Dhahabu: Opondo, mtoto wa duka la pale njia panda. Ubani: Emanueli, ambaye hata akikanyagwa hasemi. Manemane: mimi, Nikodemo.

Nikauliza manemane ni kitu gani. Mwalimu akajibu ni manukato ya kupaka maiti.

Maiti! Mtoto ana siku tatu duniani, mimi naenda kumwona na dawa ya maiti! Kwa urefu wangu huu! Kwa sauti yangu hii! Mtu niliyefika kidato cha pili na kukaa karibu muhula mzima!

Nikauliza Opondo kapewaje dhahabu. Nikaambiwa ana joho. Shangazi yake wa Migori kamletea pazia la rangi ya dhahabu. Haya. Kumbe ufalme ni pazia.

Jumatano, 31 Desemba 2025

Nimetumia akili.

Nilichukua Biblia ya mama nikaenda nayo kwa Mwalimu Daudi. Nikamwonyesha Mathayo, sura ya pili. Hakuna mahali palipoandikwa walikuwa watatu. Hakuna mahali palipoandikwa walikuwa wafalme. Nimesoma mara mbili, na kidole. Mwalimu akafurahi sana. Akasema ni kweli kabisa, watu walihesabu zawadi ndiyo wakapata watatu, na kwamba hakujua kama mimi ni msomaji. Nikasema basi, kama idadi haijulikani, Opondo anaongoza kwa andiko gani? Akasema vizuri sana, Nikodemo, tukitaka kupunguza Mamajusi tutaanza na wewe.

Nikaondoka na Biblia yangu.

Mpango wa pili. Nikamfuata Opondo dukani kwao. Nikamwambia kwa upole, kama rafiki, kwamba Herode alianza kumsaka yule wa dhahabu, kwa sababu ndiye aliyeonekana ana kitu. Opondo alikuwa anapima sukari. Hata hakuinua macho. Akasema, "Wacha wivu, boss. Si ubebe tu hiyo dawa yako?" Halafu akaenda kuwaambia wanakwaya. Tangu saa nane mchana jina langu ni Mochwari.

Hata Scholastica kacheka. Huyu ni binti wa Mzee Kisyeri, mwimbaji wa sauti ya kwanza, ndiye anayetushonea majoho. Alicheka mpaka sindano ikapotea. Wakaitafuta watu sita. Ilikuwa kwenye joho langu, nikaipata mimi, kwa goti.

Ijumaa, 2 Januari 2026

Mazoezi. Dhahabu yenyewe ni kopo la majani ya chai lililofungwa karatasi ya kung'aa. Wilaya hii watu wanachimba dhahabu ya kweli mpaka wanapotelea chini, sisi tunamletea Mfalme kopo la chai! Manemane yangu ni chupa ya dawa ya kikohozi. Haina hata dawa.

Halafu somo la chaki. Mwalimu akaandika ubaoni: 20 + C + M + B + 26. Mimi nikaona ni hesabu, nikajibu arobaini na sita na masazo. Kumbe ishirini mwanzoni na ishirini na sita mwishoni ni mwaka, na zile herufi watu husema ni Kaspari, Melkiori na Baltazari, majina ya Mamajusi. Mwalimu akasema maana yake hasa ni maneno ya Kilatini: Kristo aibariki nyumba hii. Nikauliza N iko wapi. Akauliza N ya nini. Nikajifanya nanukuu. Akanipa kazi ya kuandika mlango, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Kweli ni mzuri. Tatizo langu huwa ni maneno.

Nikarudi nyumbani na chaki mfukoni na hasira kifuani. Nikamkuta kaka yangu Magige anampiga brashi mtamba.

Lazima nieleze mtamba. Ni ng'ombe jike ambaye hajazaa, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji, anatembea kama anajua anatazamwa. Baba alipofariki, Magige ndiye akawa baba wa boma. Juu ya ng'ombe waliotoka kwenye mahari ya dada yetu Tabitha ameongeza wengine, mmoja mmoja, miaka miwili, ili amwoe Wegesa. Kundi limetimia. Linapelekwa Jumamosi tarehe kumi. Na Mzee Werema, baba yake Wegesa, alikuja mwenyewe akazunguka zizi letu, akamnyooshea fimbo huyu mwekundu na kusema: huyu awepo, asipokuwepo msije. Kuna mwalimu wa shule kule Morotonga naye kapeleka salamu za posa, na zizi lake limejaa. Kwa hiyo Magige anampiga brashi mtamba kuliko anavyochana nywele zake.

Kesho anakwenda Sirari kununua blanketi la mkwe na koti lake la siku yenyewe. Atalala kwa mjomba. Atarudi Jumatatu.

Nikamtazama mtamba. Mtamba akanitazama.

Nani kasema Mamajusi wa Kikurya walete makopo?

Jumapili, 4 Januari 2026

Nitaandika kwa mpangilio, ili atakayesoma ajue kwamba sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri sana.

Asubuhi nikamtoa mtamba, nikamfunga utepe wa mapambo ya Krismasi shingoni, nikamficha nyuma ya kanisa. Kuazima tu! Kwa saa mbili au tatu hivi, halafu anarudi zizini, na Magige yuko Sirari anapima koti. Nani anaumia?

Misa nzuri. Padre akahubiri kwamba Mamajusi walikuja kwa njia moja na wakarudi kwa njia nyingine, na kwamba aliyekutana na Bwana harudi alivyokuja. Mimi nilikuwa nasikiliza kama mtamba analia.

Maandamano yakaanza. Mbele nyota, yaani mfuniko wa sufuria kwenye mti mrefu. Nyuma yake Opondo na pazia lake. Watu wanapiga picha. Halafu Emanueli. Halafu mimi, na nyuma yangu, kwa kamba, mtamba. Heshima ikahama pale pale! Watoto wakamwacha Opondo. Akina mama wakapiga vigelegele. Opondo akageuka, nikaona uso wake. Ningeutia kwenye fremu.

Tukafika kwa Mzee Kisyeri. Mzee kakaa kwenye kigoda pamoja na wazee wenzake wawili. Tukawaamkia shikamoo. Opondo akatoa kopo, watu wakapiga makofi kidogo. Emanueli akatoa ubani, moshi ukamwingia mtoto, mtoto akalia. Zamu yangu. Chupa ya kikohozi nikaiacha mfukoni. Nikasema kwa sauti: wengine wanaleta vya kufungwa kwenye karatasi, mimi ninaleta kilicho hai! Makofi! Mtu mmoja akaangua kilio cha furaha, nadhani alikuwa mama yangu, lakini sasa nafikiri haikuwa furaha.

Mzee Kisyeri akasimama taratibu. Akamzunguka mtamba. Akamfungua mdomo, akatazama meno. Akaniuliza, "Mura, kijana wetu, umemleta mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Mbele ya watu hawa? Ndiyo! Hukutumwa, wala hukulazimishwa? Nikasema ndiyo ya tatu, kubwa kuliko zote, kwa kuwa Opondo alikuwa karibu.

Mzee akatoa miti ya lango la zizi kwa mkono wake. Mtamba akaingia. Akanywa maji. Wale wazee wawili wakatazamana na kutikisa vichwa.

Mimi nikapewa chaki, nikaandika mlango. 20 + C + M + B. Mkono ukawa mwepesi. Nikaongeza + N. Halafu 26. Nani angejua?

Watu walipoanza kula nikaenda zizini kumchukua mtamba wangu. Mzee Kisyeri akanifuata, akaniuliza natafuta nini. Nikasema tumemaliza igizo. Akauliza igizo ni nini. Nikamweleza Mamajusi, nyota, Herode, kila kitu. Alisikiliza vizuri. Halafu akasema yeye hajui mambo ya Herode, anajua mambo ya ng'ombe. Kijana asiye na mke akileta mtamba kwenye boma la watu, mbele ya wazee, kuna sababu mbili tu. Ya kwanza, anasema mtoto aliyezaliwa pale ni wake. Hapo akamwita mwanawe, baba wa mtoto. Yule jamaa ana mabega, akiingia chumbani mwanga unapungua. Sababu ya pili, ametaka binti.

Nikasema ya pili. Haraka sana.

Mzee akanipa mkono. Akasema ameona na jina langu nimeshaliandika mlangoni.

Jumatatu, 5 Januari 2026

Magige karudi saa sita na blanketi. Njiani watu watatu walishampongeza kwa mdogo wake kupata mchumba. Alidhani ni utani wa Mochwari.

Akaenda zizini. Akahesabu. Akahesabu tena kwa kugusa.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa juu ya blanketi jipya la mkwe, na karatasi yake, akanitazama. Akaniuliza kama najua zimebaki siku ngapi. Nikasema tano. Akasema hesabu naweza, basi. Halafu akainama akawa anatazama viatu vyake, na mimi nikaenda kukata kuni, ambazo sikuwa nimeambiwa nikate.

Wegesa kaleta ujumbe kwa simu ya mama: baba yake kasikia. Kasema yeye alichagua kwa fimbo, hakuchagua kwa picha. Jumamosi bila mwekundu, yule mwalimu wa Morotonga ataitwa.

Mwalimu Daudi naye kaenda kumweleza Mzee Kisyeri maana ya Epifania tangu mwanzo. Masaa mawili. Mzee kakubali kila neno. Kasema ni habari nzuri sana, na anawaheshimu hao wageni wa mashariki, kwa sababu hawakurudi kudai walichotoa.

Mwalimu kaaga akaondoka.

Jumanne, 6 Januari 2026

Ritongo. Kikao cha wazee, pale pale kwa Mzee Kisyeri. Kwa ajili yangu! Walikuja wengi kuliko waliokuja kwa mgogoro wa mpaka wa shamba. Opondo alikuja na kiti chake.

Mzee Kisyeri akaeleza: kijana kaja mchana, na mashahidi, kakubali mara tatu, ng'ombe kaingia kanywa maji, jina liko mlangoni. Wazee wote wakageuka kunitazama mimi na N yangu. Magige akasimama. Akasema mtamba ni wake, na kwamba mdogo wake ana kichwa cha mapambo. Wazee wakasema wanasikitika, ila ng'ombe akiwa nje ya zizi la Kisyeri ni kesi ya ndugu na ndugu. Akishaingia ndani ya zizi ni kesi ya mkwe na mkwe.

Ndipo mzee mmoja, mwenye kikohozi, akauliza: binti mwenyewe kaulizwa? Maana binti akikataa, ng'ombe anarudi.

Akaitwa Scholastica. Akatoka na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Magige alikuwa kafumba macho, kashika ukingo wa koti jipya. Binti akaulizwa kama anamtaka Nikodemo.

Akajibu kwa sauti ya kwaya, ile isiyohitaji kipaza. Akasema kati ya Nikodemo na ile chupa ya kikohozi, angeolewa na chupa, kwa sababu chupa iliwahi kuwa na faida. Akasema hata nikileta ng'ombe wote wa Mara, yeye atahamia Dodoma. Akaendelea. Mzee mwenye kikohozi alimwambia inatosha, akasema hajamaliza.

Kicheko! Opondo alianguka na kiti.

Lango likafunguliwa. Mtamba akatoka. Magige akamshika shingo akaweka uso wake pale pale kwenye manyoya, muda mrefu, mabega yanatikisika. Nikataka kumwambia kwamba bila mimi kukataliwa vizuri vile asingempata. Nikaona nisubiri.

Adhabu yangu: kwa kuwasumbua wazee, kuchunga ng'ombe wa Mzee Kisyeri wiki mbili. Na kuufuta mlango.

Alhamisi, 8 Januari 2026

Nimefikiria vizuri huku malishoni, na nimegundua jambo.

Mtu hampi mtu baki ng'ombe wake wote achunge. Wote! Mzee Kisyeri ananipima. Na Scholastica, yale maneno aliyosema ni mengi mno kwa mtu asiyejali. Asiyejali husema hapana akakaa. Yeye alisema dakika nane.

Leo kapita karibu anakwenda kisimani. Nikampigia mluzi. Akaokota jiwe. Lilinipita mbali kidogo. Mtu anayekuchukia hakosi.

Opondo naye kapita na baiskeli. Kaniambia Jumamosi amealikwa kusindikiza ng'ombe wa Magige na kupiga video. Mimi sijaalikwa. Magige kasema siku hiyo nikae umbali wa kilima kimoja na mtamba wake. Kasema kilima, si mto, maana mto naweza kuuvuka. Kaka yangu siku hizi anapima maneno.

Mwalimu Daudi kanikuta nimelala chini ya mti wa miiba. Kaniuliza kama nimeelewa sasa zawadi za Mamajusi. Nikasema nimeelewa sana: cha mtu usikitoe kama chako. Alifurahi mpaka akanipa embe.

Jumamosi, 10 Januari 2026

Naandika nikiwa katikati ya shamba la mahindi. Si langu. Nitaeleza upesi, maana naitwa kwa jina kutoka pande mbili.

Nilikaa kilimani kama nilivyoambiwa, nachunga kundi la Mzee Kisyeri. Kilima kimoja, sawasawa. Saa nne wakapita chini: Magige na koti, wazee na fimbo, ng'ombe wa mahari, mtamba mwekundu mbele anang'aa, Opondo pembeni na simu juu. Nikaona moyo umejaa. Kaka yangu! Ila kwa kweli, kutoka kule juu, kundi lilionekana dogo. Dogo kabisa. Nikamkumbuka yule mwalimu wa Morotonga na zizi lake lililojaa. Nikasema hapana, ukoo wetu hautachekwa kwenye video ya Opondo.

Na kumbukeni mtamba alikaa siku mbili kwa Mzee Kisyeri. Fahali wa Mzee alimwona, akanyanyua pua, akashuka. Sikumwita mimi! Ng'ombe wote wakamfuata. Mimi ni mchungaji, ningewaacha? Nikafikiri: tuwasindikize mpaka langoni tu, watu waone wingi, halafu nigeuze. Kuazima macho tu.

Mngeona! Barabara yote pembe! Akina mama wa kwa Werema wakatoka mbio na vigelegele. Magige akageuka nyuma, akanipungia mikono yote miwili kwa nguvu. Nikampungia na mimi.

Langoni mtamba akaingia. Wa kwetu wakaingia. Fahali wa Mzee Kisyeri akaingia. Waliobaki wakaingia. Walikunywa maji.

Mzee Werema alilengwalengwa na machozi. Akasema miaka yake yote hajawahi kuona binti akiheshimiwa hivi. Magige akaanza kueleza, vigelegele vikamfunika. Basi Mzee akanitazama mimi niliyekuwa nyuma ya kundi na fimbo, akaniuliza kama ng'ombe hawa wote ni wa Wegesa.

Watu walikuwa wengi. Simu ya Opondo ilikuwa inanielekea.

Nikasema ndiyo.